Siku Niliyoanguka kwa Hiari Ziwani Nakivale

Nakivale, likizo ya mwezi wa nane

Baba mpenzi,

Kabla sijakuuliza hali, acha niseme neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama mdogo, si mchungaji, si rafiki wa darasani. Naogopa maji. Si ya beseni wala ya ndoo. Naogopa maji ya ziwa, yale ambayo ukiyatazama huoni chini. Ilikuwa hivyo tangu tukiwa huko Baraka. Wenzangu walipokuwa wanaogelea mbele ya nyumba yetu, mimi nilijificha nyuma ya mitumbwi nikijimwagia maji kichwani kwa kikombe, halafu narudi nyumbani nimelowa, nawe unamwambia koko, mama yako, "Ona huyu, samaki yangu." Nilipenda sana kuitwa samaki. Ndiyo maana nilinyamaza.

Basi, nimeshasema. Sasa nikusalimie vizuri. Hali yako, Baba? Kile kifua kimepona, au bado kinakuamsha? Na koko, miguu yake inaendeleaje? Nasikia mvua zilikuwa nyingi huko na ndagala walikuwa wachache nyavuni. Natumaini mambo yamebadilika. Sisi huku wazima. Mama mdogo amevuna maharage, si mengi, lakini yanatosha, na bado anaongoza kwaya ya akina mama kwa sauti ile ile inayosikika mpaka barabarani. Mimi nimemaliza muhula katika kidato cha tatu, na katika jiografia nimekuwa wa kwanza. Mwalimu alisoma jina langu mbele ya darasa zima, nikatazama viatu vyangu.

Mama mdogo anasema ningekupigia tu simu kwa jirani yako. Unanijua, Baba. Kwenye simu maneno yananikwama, nabaki kusema "ndiyo" na "eeh" mpaka salio linakwisha. Kwa kalamu naweza.

Katika barua yako uliniuliza tena kama nitakuja Noeli. Ulisema koko anauliza kila Jumapili, na kwamba macho yake yanafifia, anataka aone nimekuwa na sura gani kabla hayajazima kabisa. Mimi nilikujibu kwamba nina mitihani. Mitihani ipo kweli, lakini inaisha wiki nyingi kabla ya Noeli. Sababu ni ile niliyoandika hapo juu. Yule mfanyabiashara anayetuletea barua hupita mpakani Kikagate, anashuka Tanzania yote kwa gari mpaka Kigoma, halafu anavuka kwa boti mpaka kwenu. Gari haliniogopeshi. Ni boti. Wewe ulibaki na koko siku tuliyokimbia vita, kwa hiyo hukuona. Boti lilipoanza kuingiza maji, watu walitupa mizigo, na mama mdogo akatupa sufuria yake kubwa. Ilielea kidogo, ikajaa polepole, ikashuka. Nilikuwa mdogo, lakini ile sufuria naiona mpaka leo.

Sasa nikueleze habari yenyewe, maana nina habari, na ni nzuri.

Hapa Misiera, karibu na Base Camp penye ofisi za kambi, kuna maduka, na sukari na sabuni zake huletwa na gari la familia moja ya Waislamu wa Mbarara. Kaka ndiye anayeendesha. Muhula uliopita alianza kuja na dada yake, Hadija. Sisi tunamwita yaya Hadija kwa sababu ni mkubwa wetu. Alifanya kazi Jinja, kwenye ule mto mkubwa, mahali ambapo wageni hulipa ili wasimame juu ya ubao na kupiga kafi. Ndiyo, Baba, wanasimama juu ya ubao, hawakai ndani ya mtumbwi. Ni ubao mrefu unaojazwa upepo kwa pampu mpaka unakuwa mgumu kama meza. Wenye kazi waliponunua mbao mpya, wakampa yeye mbili za zamani. Zina viraka vya mpira wa baiskeli, lakini zinashika upepo.

Nilikuwa nimetumwa sabuni. Nikamkuta nyuma ya gari anapampu, jasho linamtoka, amevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kitambaa cha kichwa amekifungia nyuma ya shingo. Akaniona nimesimama na kitabu.

"Wewe wa kitabu! Kuja shika hapa. Mimi nachoka."

Nikashika. Nilipampu mpaka mabega yakawaka moto, na sikuuliza hata swali moja. Alipomaliza akasema, "Jumamosi ingine, kuja na wenzako. Kaka yangu nashusha mizigo, mimi nafundisha nyinyi. Bure." Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sikuwa na nia ya kupanda ule ubao. Nilikuwa na nia ya kutazama.

Mama mdogo alipoambiwa alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Kusimama juu ya mayi? Petero mwenyewe alizama, na alikuwa muvuvi! Na kiboko, Faila? Kiboko haiulizake mutu kama anasoma mu klasi ya ngapi."

Kuhusu viboko usiwe na hofu, Baba. Kila Jumamosi asubuhi yaya Hadija huwauliza kwanza wavuvi wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, viboko wamelala upande gani, na wakisema wako karibu hatuingii kabisa, tunakunja mbao na kurudi. Mvuvi mmoja hukaa na mtumbwi wake kati yetu na maji makubwa. Na kila mtu huvaa jile ya kuelea, imefungwa kifuani mpaka huwezi kupumua vizuri. Mama mdogo alikuja mwenyewe siku ya kwanza, akavuta kamba za jile yangu, akazikaza zaidi, akaondoka.

Siku hiyo tulikuwa kundi la wanafunzi, na kati yetu kuna mmoja anaitwa Wilondja. Wazazi wake ni wa Fizi kama sisi. Anaongea kwa niaba ya watu wengine watano. Alichukua kafi akapanda juu ya ubao mbele ya wote.

"Batu ba Tanganyika hawafundishwake hii kitu! Tulizaliwa na kafi mu mukono!"

Akasimama kama unavyosimama wewe nyuma ya mtumbwi, Baba, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, ubavu ukiangalia mbele. Ubao ukamtupa kabla hajapiga kafi hata mara moja. Akaibuka anatema maji, watoto waliokuja kuchota wakapiga makofi. Akapanda tena vile vile. Ukamtupa tena vile vile.

"Ubao huyu hapana mtumbwi," akasema yaya Hadija. "Miguu yote mbili sawa sawa, hapa katikati. Magoti lainisha. Macho angalia mbele. Kama wewe naangalia miguu, wewe nakwenda ndani ya maji."

Jambo la pili lilitupata sisi sote, hata mimi. Kafi la ubao ni refu kuliko mtu, na bapa lake limepinda kidogo pale chini. Sisi huku tumekua na jembe mkononi. Kila mmoja wetu alipolishika aligeuza ule mpindo kuelekea kwake, kama jembe. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, ni mikono yenyewe. Basi tukawa tunavuta, na kafi linachota maji na kuyainua kama udongo, na ubao unazunguka fasi moja kama mbuzi aliyefungwa.

"Banange!" Yaya Hadija alikaa chini kwenye mchanga kwa kicheko. "Nyinyi nalima ziwa? Nataka panda mahindi hapa? Geuza! Mgongo wa jembe kuja kwako!"

Unajua mimi siulizi watu maswali. Lakini hilo lilinisumbua mpaka nikauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini mpindo uelekee mbele wakati sisi tunavuta nyuma. Alinipa kafi, akasema, "Jaribu hivi, halafu hivi. Maji yenyewe nasema wewe." Nikajaribu pale ufukweni, maji yakiwa magotini, na nikaelewa. Ukigeuza mpindo mbele, bapa linaingia majini mbali, limesimama wima, na nguvu yako yote inakwenda kwenye kusukuma. Likifika kwenye miguu yako kazi imekwisha, unalitoa. Ukilivuta kupita hapo unanyanyua maji bure. Nilimweleza Wilondja naye akasema, "Profesa!" lakini aligeuza kafi lake.

Halafu zamu yangu ikafika. Nilipiga magoti juu ya ubao kama alivyotuonyesha, mikono imeshika kingo. Nikaweka mguu mmoja, halafu mwingine. Nikanyanyuka. Macho yangu niliyaweka kwenye kilima cha ng'ambo na sikuyatoa hapo. Ubao ukatikisika chini yangu, magoti yakajibu, ukatulia. Nilipiga kafi upande huu na upande ule. Nilikwenda mpaka kwenye mafunjo na nikarudi, sijalowa hata kiunoni.

Yaya Hadija aliniita mbele ya wote akasema, "Angalia huyu! Huyu nasimama kama nguzo ya stima." Sikumbuki kama nimewahi kusifiwa hivyo kwa jambo lisilotoka kitabuni.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Wote walikuwa wanaanguka isipokuwa mimi. Wilondja alianza kuniita Madamu Mukavu, na watoto wa ufukweni wakadaka, nikipita na ndoo yangu njiani wanaimba, "Mukavu! Mukavu!" Nilijifanya sipendi. Nilipenda. Walidhani nina kipaji. Hakuna aliyejua kwamba nasimama vizuri kwa sababu ya hofu, kwamba kila kidole cha mguu wangu kilikuwa kinashika ule ubao kama mtu anavyoshika tawi.

Nikaanza kufikiri kwamba nimepona. Nilijiambia, kama naweza kusimama juu ya maji, basi naweza kukaa ndani ya boti. Hata nilianza kukuandikia barua ya kusema nakuja Noeli. Sikuimaliza.

Mafunjo ya upande wetu yanafanya kama ukuta, na kuna mwanya mmoja ambao mitumbwi hupitia kwenda maji makubwa. Siku moja yaya Hadija akasema waliokomaa watapita naye ule mwanya. Akamwita Wilondja kwanza. Wilondja, Baba! Yule ambaye hapiti asubuhi bila kutupwa! Akaita wengine wawili. Nikangoja jina langu. Halikuja.

Nikamfuata pembeni.

"Yaya, mimi sijawahi kuanguka."

"Ndiyo. Sababu ni hiyo."

"Sijaelewa."

"Faila, nyabo. Kule nje kuna upepo. Kule kila mtu naanguka, hata mimi. Wilondja naanguka, nacheka, napanda tena. Wewe mimi sijaona. Mtu sijaona akianguka, mimi hapana peleka yeye kule." Akanitazama sana, si kwa ukali. "Sasa anguka. Hapa, maji kifuani tu. Mimi niko."

Nikapanda ubao, nikasimama. Nikatazama maji. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, sikuona chini. Nikapiga magoti, nikapiga kafi mpaka ufukweni, nikamwambia tumbo linaniuma. Akasema, "Kale," yaani sawa, akaenda na wengine. Niliwaona wakipita kwenye mwanya mmoja mmoja, halafu nikasikia tu vicheko vyao nyuma ya mafunjo.

Wiki hiyo nilikuwa mbaya nyumbani. Nilimwaga uji. Nilimjibu mama mdogo vibaya, akaniuliza nani amekufa. Sikuweza kusoma. Jambo lililonikaa rohoni ni kwamba hukumu yake ilikuwa ya haki. Kusimama nilikuwa najua. Lakini boti la Kigoma halitaniuliza kama najua kusimama. Ambacho nilikuwa sijui ni jinsi mtu anavyokuwa baada ya maji kumfunika, na kwa kuwa nilikuwa sijui, nilikuwa bado ni yule yule mtoto wa siku ile. Na koko anangoja, na macho yake hayangoji.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kuliko wote. Wavuvi walisema viboko wako upande wa mbali. Yaya Hadija akatia mguu majini, akasema "Bismillahi" kama kawaida yake, akasimama maji yakimfika kifuani. Nikapanda. Nikasimama pale juu. Wenzangu wakafika, wakakaa ufukweni. Watoto wakaanza, "Mukavu! Mukavu!"

"Munyamaze!" Hiyo ilikuwa sauti ya Wilondja. Halafu akaniita, na mara hii hakuniita madamu. "Faila! Angalia miye. Nimeanguka mingi kuliko batu bote ba hapa, na niko. Mayi inakurudishaka."

"Nisukume," nikamwambia yaya Hadija.

"Hapana. Mtu nasukumwa nakuwa na hasira, hapana jifunza. Anguka mwenyewe. Kwa ubavu, mbali na ubao. Mdomo funga. Kafi shika."

Nilifunga mdomo. Nilishika kafi. Nikaegemea upande wa kulia, na zile sekunde ambazo sikuwa tena juu ya ubao wala bado sijafika majini zilikuwa mbaya kuliko yote yaliyofuata.

Maji yalinifunika, Baba. Yaliingia puani, yakaingia masikioni, kukawa kimya na rangi ya kahawia. Halafu jile ikanivuta juu kwa mabega kama mama anayemnyanyua mtoto, na nikaliona jua. Nilikohoa, nikapenga, nikasikia ufukwe mzima unapiga kelele, na nikagundua kwamba kelele nyingine ilikuwa yangu. Nilikuwa nacheka. Sijui nilianza lini.

"Ubao!" akasema yaya Hadija. "Hapana kuja kwangu. Kwenda kwa ubao!"

Nikaufuata. Nilishika mshikio wa katikati, nikajivuta, ubao ukapinduka, nikazama tena. Mara ya pili nilikumbuka kupiga miguu nyuma kwanza ili mwili ulale juu ya maji, nikateleza kifudifudi mpaka kwenye ubao kama samaki anayerushwa kwenye mtumbwi. Nikapiga magoti, nikasimama nikiwa nachuruzika kila mahali. Yaya Hadija alikuwa anapiga makofi juu ya maji kwa mikono miwili. "Ingine!" akasema. Nikaanguka tena, kushoto. Na tena. Mwishowe yeye ndiye aliyeniambia niache.

Kisha akapanda ubao wa pili, akaelekeza kafi kwenye mwanya, na nikamfuata.

Nyuma ya mafunjo ziwa linafunguka. Upepo ulikuwapo kweli, na viwimbi vidogo vilipiga chini ya ubao, tap tap tap, nikavihisi kwenye nyayo. Niliona vilima vya Isingiro vyote kwa mara moja, na mashamba yetu yamelala pembeni kama viraka, na ndege weupe juu ya mafunjo. Upepo uliniangusha mara moja. Nilipanda. Mvuvi mmoja Mnyankole alikuwa anakusanya nyavu zake, akaacha kazi akanitazama, akauliza kwa mbali, "Wewe mtoto ya nani nasimama juu ya maji?"

Baba, mimi ambaye sijibu hata darasani, nilijibu kwa sauti ambayo mama mdogo angeionea wivu. Nilisema, "Mimi ni binti wa Asukulu wa Baraka!"

Hakukujua, bila shaka. Lakini alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia jina kubwa.

Nimeandika sana, mkono unaniuma. Nisalimie koko, mama yako, umwambie sura yangu imefanana na yake kwenye paji la uso, mama mdogo ndiye anayesema hivyo. Msalimie baba mkubwa fundi wa mitumbwi, na shangazi anayeuza ndagala sokoni, na binamu zangu wote, hasa yule aliyezaliwa ambaye sijamwona. Mchungaji wetu wa zamani naye umpe salamu. Mama mdogo anakusalimu sana, anasema ukipata mafuta ya mawese mazuri umkumbuke.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Jana, baada ya kumchotea mama mdogo maji, nilikwenda Misiera kwa yule mfanyabiashara anayepita Kikagate. Alikuwa anafunga mizigo. Nilimsalimu, nikamuuliza mwezi wa kumi na mbili atasafiri lini na boti la Kigoma linaondoka saa ngapi. Akaniambia. Nikamwomba aniwekee nafasi, akaniuliza kama nataka kukaa katikati, maana wengi wanaoogopa hukaa katikati. Nilimwambia ndiyo, naogopa, lakini nataka kukaa pembeni, niyaone maji. Kisha nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo, naye akaanza kuosha gauni langu la kanisani, ijapokuwa Noeli bado iko mbali.

Ni mimi mtoto wako anayekuja,
Faila